Lushoto, Amani au Pangani: uende wapi na kitabu chako?

Kule Hawarden, Wales, kuna maktaba iliyoanzishwa na William Gladstone, aliyepata kuwa waziri mkuu wa Uingereza, ambako mgeni hukodi chumba humo humo: analala, anakula, kisha anakwenda kuketi kati ya vitabu mpaka achoke. Huku kwetu anayetaka siku chache za kusoma bila kusumbuliwa hujitengenezea mwenyewe. Anachagua mahali, anabeba vitabu vyake, anapatana na mwenye nyumba kuhusu taa na chai. Akichagua vibaya, anarudi mjini kitabu kikiwa bado ukurasa wa 40.

Mkoa wa Tanga una sehemu tatu zinazofaa kwa kazi hiyo, zote za shamba, zote zenye ukale wake, na hazifanani hata kidogo: Lushoto kwenye milima ya Usambara Magharibi, Amani kwenye Usambara Mashariki, na Pangani mtoni na baharini. Bagamoyo nimeiacha kwa makusudi. Ina misheni ya mwaka 1868 na magofu ya Kaole, lakini iko jirani mno na Dar. Jumamosi jiji zima linahamia pale na spika zake. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao ni mji, tena wenye shughuli nyingi.

Kabla ya bei na umbali, mimi huuliza swali moja: ni kitu gani huwa kinakutoa kitabuni? Kuna anayetolewa na simu. Kuna anayetolewa na tumbo, kila baada ya kurasa tano anafikiria kitafunwa. Na kuna anayetolewa na uzuri wa nje, akiona njia inapanda kilima lazima akaione inaishia wapi. Sehemu hizi tatu zinawatendea watu hao watatu tofauti kabisa.

Kufika

Lushoto ndiyo rahisi kuliko zote. Mabasi yanatoka Dar moja kwa moja, na anayetoka Arusha au Moshi anashuka Mombo kwenye barabara kuu, kisha anapandisha mlima kilomita thelathini na kitu kupitia Soni. Lami ipo mpaka mjini. Barabara imejikunja ubavuni mwa bonde, huku mwamba, huku korongo na mto. Kitabu kiache kwenye begi kipande hicho, la sivyo kichefuchefu kitakushika kabla hujaona maporomoko ya Soni.

Amani inataka moyo. Unashuka Muheza, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 30, sehemu kubwa ni vumbi, na kipande cha kutoka Sigi kwenda juu ni kona baada ya kona ndani ya msitu. Magari ya abiria ni machache na yanafuata mahitaji ya watu wa huko: alfajiri yanateremsha watu na mazao Muheza, mchana yanapanda. Ukifika Muheza jioni, lala hapo hapo. Mvua ikiwa imenyesha, muulize mwenye bodaboda hali ya njia kabla ya kumpa mzigo. Yeye ndiye aliyeteremka nayo asubuhi.

Pangani ni kama kilomita 50 kusini mwa Tanga mjini. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa maarufu kwa vumbi na mashimo; mradi wa lami wa kuunganisha Tanga, Pangani na Bagamoyo ndio unaoibadilisha. Njiani, si mbali na Tanga, kuna Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Msomaji wa Kiswahili akipita pale bila hata kupunguza mwendo, sijui anakwenda Pangani kusoma nini.

Wasomaji wa Mombasa na Kwale hesabu yao ni nyingine. Ukivuka Lunga Lunga na Horohoro unaingia Tanga mjini, na kutoka hapo Pangani na Amani ziko karibu nawe kuliko zilivyo kwa mtu wa Dar. Wa Voi na Taita wao wapitie Taveta na Holili, washuke na barabara ya Same mpaka Mombo. Kwao Lushoto ndiyo inayolingana na njia.

Ukale wa kila mahali

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na sidhani ni jambo la pembeni. Mahali pa kale panakupa hali fulani ya moyo ukifunga kitabu na kunyoosha miguu, na hali hiyo unarudi nayo kwenye ukurasa.

Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmsthal. Waliupenda ubaridi wake, wakajenga ofisi, makanisa na nyumba za walowezi, na baadhi ya majengo hayo bado yanatumika. Lakini milima ile ilikuwa na dola kabla yao. Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, walitawala kutoka Vuga, na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wao aliyevuma kuliko wote, alifariki mwaka 1862. Baadaye misheni ya Kilutheri iliweka Vuga kiwanda cha uchapaji, na waliokulia kwenye nyumba zenye vitabu vya dini vya zamani wataikumbuka anwani ile kwenye kurasa za mwanzo: Vuga Press, Soni. Yaani unakwenda kusoma mahali ambako vitabu vya Kiswahili vilipigwa chapa mlimani, mbali na bandari na mbali na mji mkuu. Ukale wa Lushoto haukukabi koo. Unakutana nao njiani, unasalimiana nao, unaendelea.

Amani ni hadithi ya elimu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann, wakaijaza bustani miti na mimea ya kila pembe ya dunia kwa majaribio: mikwinini, mikafuri, mipira, viungo vya kila namna. Robert Koch, yule bingwa wa kifua kikuu, naye alifanya utafiti hapa. Enzi za Waingereza kikawa kituo cha utafiti wa malaria. Tangu 1997 msitu ni hifadhi ya mazingira asilia. Reli nyembamba iliyokuwa ikipanda kutoka Tengeni iliishia Sigi, na nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama pale bondeni. Juu, nyumba za watafiti zimebaki na veranda pana, nyasi mbele, na miti ambayo hakuna mtu yeyote kijijini aliyeiona ikipandwa. Kwa kusoma, sijui ukale ulio mzuri kuliko huu. Watu walipelekwa pale wakae kimya na kufikiri, na nyumba zilijengwa kwa ajili hiyo.

Pangani ni nzito. Karne ya 19 misafara ya bara iliteremkia hapa na pembe za ndovu na watumwa, na majumba ya mawe yenye milango ya nakshi yaliyobaki karibu na mto yalijengwa kwa fedha hiyo. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndiko mkonge wa nchi hii ulikoanzia: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yaliyobadilisha mkoa mzima na kuwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka kila upande. Ukizunguka mitaa ya boma saa kumi jioni, halafu ukarudi kwenye riwaya ya mapenzi, itakuonekea nyepesi mno. Wengine wanaipenda hali hiyo. Mimi nikienda Pangani huchukua kitabu cha historia au diwani, riwaya naiacha nyumbani.

Mwanga, upepo na unyevu

Watangazaji wa hoteli hawagusi kabisa habari hizi, na ndizo zinazoamua utasoma kiasi gani.

Kwetu jua halichelewi. Ikifika saa moja usiku ni giza, kwa hiyo nusu ya muda wako wa kusoma ni wa taa. Nyumba nyingi za wageni zina balbu moja juu ya dari, katikati ya chumba, na kivuli cha kichwa chako kinaangukia kwenye ukurasa. Beba taa yako ya kuchaji. Tochi ya kichwani nayo inafaa, isipokuwa msimu wa kumbikumbi, maana wote wataitaka sura yako.

Pangani adui ni upepo. Kusi ikivuma, tangu Aprili hivi hadi Septemba, ukurasa haushikiki. Pale Ushongo, kusini mwa mto, utamwona msomaji kwenye kiti cha ufukweni amelalia kitabu kwa mkono mzima, kandambili moja imekandamiza ukurasa wa kushoto, kidole gumba kimebana wa kulia. Akiinua kidole kugeuza, kurasa tatu zinakwenda pamoja na mchanga unaingia kwenye mshono. Joto nalo linalegeza gundi. Kitabu kilichobandikwa vibaya kitaanza kuachia kurasa moja moja, na ile ya kwanza kuchukuliwa huwa ndiyo yenye jibu la fumbo. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Februari, upepo hauna fujo lakini joto linalala nawe kitandani, na bila feni hakuna kusoma mchana. Saa nzuri za Pangani ni mbili: asubuhi mapema kibarazani, na baada ya chakula cha mchana ndani ya chumba chenye kuta nene za mawe, kama umekipata.

Amani adui ni unyevu. Pale hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua ukungu unapanda kutoka bondeni alasiri, unaingia dirishani bila hodi. Karatasi inalegea, jalada laini linajikunja, miwani inafunga. Weka vitabu kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, na usiache kimoja mezani usiku. Kwa upande wa sauti, hakuna panapoishinda. Alfajiri mbega wanakoroma msituni, hondohondo wanapita juu ya paa kwa kishindo cha mbawa, halafu kimya. Mvua kubwa ikipiga mabati huwezi kuzungumza na mtu wa kiti cha pili, na hilo, kwa aliyekwenda kusoma, ni faida tupu. Mtandao wa simu ni wa kusuasua. Kuna vipembe vyake, na wenyeji watakuonyesha usimame wapi. Yule anayetolewa kitabuni na simu ameshapata jibu lake.

Lushoto haina adui mkubwa. Iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu kuliko Amani, umeme na mtandao ni wa mjini. Juni hadi Agosti baridi inauma vidole vinavyoshika kitabu, na blanketi moja halitoshi; ukipata nyumba ya zamani yenye sehemu ya kuwasha moto sebuleni, usiiache. Tatizo la Lushoto ni kelele za katikati ya mji: bodaboda, shule, adhana, kengele, kila kitu kinapaa kwa sababu mji uko kwenye kikombe cha milima. Kwa hiyo usilale mjini. Nenda Irente, au juu Magamba kwenye ukingo wa msitu, au kabla hujafika Lushoto kata Soni kwenda Sakharani, shamba la watawa wa Kibenediktini. Watawa wanajua thamani ya kimya. Mle hakuna atakayekuuliza mbona umekaa peke yako tangu asubuhi.

Chakula

Lushoto inashinda, hapana ubishi. Shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, linatengeneza jibini, mkate mweusi na jemu, na msimu ukiwa mzuri sokoni kuna plamu, pichesi na peasi kwa bei ya kushangaza. Chukua mkate, jibini na chupa ya chai, kakae kwenye nyasi, mchana umekwisha bila kuamka.

Pangani kuna samaki wa siku hiyo, wali wa nazi na madafu, ila chakula cha pwani kinataka usingizi baada yake. Amani utakula kilichopo: ugali, maharage, mboga za majani, mara kuku ukiagiza mapema. Sema tangu asubuhi utakula nini usiku. Chai ya huko ndiyo ya kuisifia, kwa sababu majani yanatoka mashamba ya jirani na iliki inalimwa papo hapo. Anayesumbuliwa na tumbo abebe karanga na biskuti zake kutoka Muheza.

Fedha

Lushoto ina kila ngazi, kutoka gesti za kawaida na hosteli za misheni hadi lodji za watalii, kwa hiyo ni rahisi kupunguza. Pangani imegawanyika: gesti za mjini ni nafuu, Ushongo bei zimepangwa zikimlenga mgeni wa nje, na katikati hakuna kitu kingi. Wakati wa msimu mdogo watu wa Ushongo hupunguza ukiomba vizuri kwa Kiswahili. Amani chumba chenyewe si ghali, lakini kuna kiingilio cha hifadhi, na raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Kama mwenzio amekuja na pasipoti ya nje, hesabuni hilo mapema.

Nani aende wapi

Mwenye kitabu kinene alichokikimbia miaka, au tasnifu ya kumalizia, aende Amani. Achague Januari au Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba mvua zikiwa zimepungua kidogo. Masika, Machi hadi Mei, njia itamwadhibu. Matembezi yapo, bustani ya zamani ipo, lakini utafika saa sita mchana huna mahali pa kwenda, na hapo ndipo kurasa zinapokwenda. Kwangu mimi hii ndiyo ya kwanza kati ya tatu. Simpendekezei mtu mwenye kifua kibovu wala mtu anayehofia usiku wa kijijini.

Wanaokwenda wawili, mmoja msomaji na mwingine si msomaji, waende Lushoto. Asiyesoma atapanda mpaka mwamba wa Irente aone tambarare ya Umasaini kule chini, atakwenda Magamba, atashuka sokoni, atarudi jioni na habari. Kikundi cha marafiki wanaosoma kitabu kimoja ili wakijadili usiku nao wataona raha Lushoto, kwa sababu kuna sebule na kuna moto. Kwa wazazi wenye watoto pia nisingetaja mahali pengine. Amani watoto watachoka siku ya pili, na Ushongo hamtasoma, mtakuwa walinzi wa bahari.

Pangani nawapa wanaosoma vifupi: mashairi, hadithi fupi, insha. Unasoma shairi, unakwenda kuangalia pantoni ikivusha watu kwenda Bweni, unarudi kwenye shairi lile lile. Yule anayetolewa na uzuri wa nje asijidanganye, bahari itamchukua, na kuna Kisiwa cha Maziwe cha kwenda kuogelea maji yakipwa. Kama hilo halimsumbui, hakuna mahali patamu kama hapo. Aliyechoka na kazi kiasi kwamba hata kusoma ni mzigo naye ningempeleka Pangani kwanza, asinzie, kitabu kifuani.

Kuna wanaounganisha. Siku mbili Pangani, halafu Muheza, halafu Amani, njia inaruhusu. Lushoto na Amani, japo zote ni Usambara, usiziunganishe: bonde la Mto Lwengera limezitenganisha, itakubidi uteremke, uzunguke kwa Korogwe na Muheza, na siku nzima ya kusoma imeishia barabarani.

Ukishaamua, piga simu mwenyewe uongee na anayekaa pale, usitegemee picha. Uliza kama barazani kuna kiti chenye mgongo na meza, maana viti vingi vya wageni vimetengenezwa kwa kunywea soda. Uliza chumba kiko upande gani wa jiko na jenereta. Na kama ni Lushoto, uliza lipi linaendelea wiki hiyo. Mji ule, kwa ubaridi wake, unapendwa na waandaaji wa semina, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko pale pale. Ukiambiwa wana washiriki 60 tangu Jumatatu, sogeza safari wiki moja mbele.